Nina tafiti sita za kipimo cha haraka cha malaria: je, nijumlishe asilimia zake na kugawa kwa sita?

Tabibu wa Pangani

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mkoani Tanga, upande wa Pangani, na nimepewa jukumu ambalo nililiona jepesi hadi nilipokaa mezani kulifanya. Mganga mfawidhi wetu ameniomba niwaeleze wenzangu, katika kikao cha asubuhi cha wiki ijayo, ni kwa kiasi gani tunaweza kukiamini kipimo cha haraka cha malaria tunachokitumia, yaani mRDT ile inayotafuta HRP2, protini inayotolewa na vimelea vya malaria, hasa pale mtoto mwenye homa anapopimwa na jibu likatoka hasi. Suala hili limezuka kwa sababu wenzetu wawili walibishana mbele ya mama wa mtoto. Mmoja alisema kwamba hasi ni hasi na homa itafutiwe chanzo kingine. Mwingine alisema kwamba kipimo hicho hukosea, akaandika dawa mseto. Mama alitoka pale na dawa, lakini sidhani kwamba alitoka na imani.

Nimekusanya ripoti sita za utafiti kuhusu kipimo hiki, baadhi zikiwa za hapa kwetu kaskazini mashariki na nyingine za nchi jirani. Kila ripoti inataja unyeti, kwa maana ya uwezo wa kipimo kumtambua aliye na ugonjwa, na umahususi, kwa maana ya uwezo wake wa kumwacha salama asiye nao, lakini namba zinapishana kwa mbali. Nilitaka kujumlisha unyeti wa tafiti zote sita na kugawa kwa sita, kisha nifanye vivyo hivyo kwa umahususi, ili niwape wenzangu namba mbili za kukumbuka. Je, njia hiyo inakubalika? Na kama haikubaliki, mtu asiye mtakwimu afanye nini?

Mtakwimu wa Bagamoyo

Ndugu Tabibu, nakushauri usigawe kwa sita. Sababu ya kwanza ni ya hesabu ya kawaida. Tuseme utafiti mmoja ulikuwa na wagonjwa 10 wa malaria na kipimo kikawatambua wote, na mwingine ulikuwa na wagonjwa 400 na kipimo kikawatambua 340. Ukichukua asilimia 100 na asilimia 85, ukajumlisha na kugawa kwa mbili, utapata 92.5, ilhali kati ya wagonjwa 410 waliopimwa, waliotambuliwa ni 350, ambao ni kama asilimia 85 tu. Watu kumi wamepewa kura sawa na watu mia nne.

Hata hivyo, kuwamwaga wagonjwa wote katika kapu moja hakumalizi tatizo, na hapo ndipo tafiti za vipimo zinapotofautiana na tafiti za dawa. Utafiti wa dawa aghalabu unaweza kufupishwa kwa jibu moja, lakini utafiti wa kipimo huleta majibu mawili yaliyofungwa kamba moja. Kwa kuwa unakaa Pangani, niruhusu nitumie wavu. Mvuvi mwenye wavu wa matundu madogo haponyokwi na dagaa, ila huvuna pia majani na takataka. Akichukua wavu wa matundu mapana, takataka hupita, na baadhi ya samaki aliowataka hupita nazo. Msomaji wa kipimo anayehesabu hata mstari uliofifia kuwa ni chanya ametega wavu wa matundu madogo: unyeti wake utapanda na umahususi wake utashuka. Anayedai mstari ulioiva atapata kinyume chake. Kwa hiyo ripoti zako zinaweza kupishana kwa sababu tu wasomaji wake walitumia matundu tofauti, na ukitafuta wastani wa unyeti peke yake, kisha wastani wa umahususi peke yake, unaweza kupata jozi ya namba ambayo haijawahi kutokea kwenye wavu wa mvuvi yeyote.

Ndiyo maana wataalamu waliunda modeli zinazochukua namba hizo mbili kwa pamoja. Rutter na Gatsonis walichapisha ya kwao mwaka 2001, na Reitsma na wenzake wakachapisha nyingine mwaka 2005. Baadaye ilionekana kwamba zote mbili, katika mazingira mengi, ni jengo moja lililotazamwa kutoka milango tofauti. Modeli hizo huzingatia ukubwa wa kila utafiti, hukubali kwamba tafiti zinaweza kutofautiana kwa kweli wala si kwa bahati peke yake, na hupima kama unyeti unapopanda umahususi hushuka. Kutoka kwa kila ripoti unahitaji namba nne tu: chanya za kweli, chanya za uongo, hasi za kweli na hasi za uongo. Programu ya takwimu iitwayo R hufanya hesabu hiyo bila malipo. Lakini kwa tafiti sita modeli itayumba, kwa sababu kukadiria uhusiano baina ya namba mbili kunahitaji nukta nyingi kuliko hizo.

Njia fupi zaidi ni kuanza na mapitio ambayo wengine wamekwisha kuyafanya. Mwaka 2011 shirika la Cochrane lilichapisha mapitio ya vipimo vya haraka vya malaria isiyo kali katika nchi zenye ugonjwa huo, yaliyokusanya tafiti 74. Kwa vipimo vya HRP2 wastani wa unyeti ulikuwa asilimia 94.8, ukiwa na masafa ya uhakika, yaani eneo ambamo wastani wa kweli unatarajiwa kuwamo, kuanzia 93.1 hadi 96.1, na umahususi ulikuwa asilimia 95.2, kuanzia 93.2 hadi 96.7. Hizo ni namba imara kuliko zozote utakazozipata kwa ripoti sita.

Naongeza tahadhari moja, maana wastani uliokokotolewa vizuri nao unaweza kuficha jambo. Katika mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014 kuhusu kipimo cha kifua kikuu cha Xpert MTB/RIF, unyeti wa jumla ulikuwa asilimia 89. Namba hiyo ilipopasuliwa, ilionekana kwamba kwa wagonjwa ambao makohozi yao yalikuwa chanya kwa hadubini unyeti ulikuwa asilimia 98, na kwa wale ambao hadubini haikuona kitu, lakini uoteshaji wa bakteria maabarani ukathibitisha ugonjwa, ulikuwa asilimia 67. Sasa mtu aliye mbele yako hana unyeti wa 89. Yuko upande mmoja au upande mwingine, na daktari anayekitegemea kipimo hicho baada ya hadubini kushindwa anapaswa kuikumbuka 67.

Bi Maabara, Tanga mjini

Namuunga mkono Mtakwimu, lakini mimi nisingefungua kompyuta kabla ya kuuliza swali la mtu wa maabara: katika kila ripoti, nani alikuwa hakimu? Kipimo hupimwa kwa kulinganishwa na kipimo rejea, na kipimo rejea nacho huweza kukosea.

Chukua ripoti iliyotumia hadubini. Mgonjwa mwenye vimelea wachache sana anaweza kuonekana chanya kwenye kipimo cha haraka na hasi kwenye slaidi, hasa kama aliyesoma slaidi alikuwa na foleni ya slaidi sitini na umeme unakatikakatika. Utafiti utamhesabu mgonjwa huyo kuwa chanya ya uongo, na umahususi wa kipimo utashuka pasipo kosa lake. Chukua sasa ripoti iliyotumia PCR, ambayo huona vinasaba vya vimelea wachache mno ambao huenda hata hawakuleta homa. Hapo kipimo kitaonekana kimekosa wengi, na unyeti utashuka. Kipimo kilekile, damu ileile, hukumu mbili. Ukizichanganya ripoti hizo bila kuzitenganisha, wastani utakaoupata ni wa mahakimu na si wa kipimo.

Jambo la pili linahusu HRP2 yenyewe. Protini hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita, akaja na mafua na homa, anaweza kutoa mstari mzuri kabisa wa chanya. Kwa hiyo tazama kama ripoti iliwaondoa waliotumia dawa za malaria karibuni. Katika mapitio yale aliyoyataja Mtakwimu, vipimo vinavyotafuta kimeng'enya cha pLDH, ambacho hutoweka upesi vimelea wanapokufa, vilikuwa na umahususi wa asilimia 98.7, lakini unyeti wake ulikuwa asilimia 91.5. Wavu mwingine, matundu mengine.

Na kuna la tatu ambalo ripoti za zamani haziwezi kukuambia. Pembe ya Afrika, hususan Eritrea na Ethiopia, wamegunduliwa vimelea waliopoteza jeni ya kutengeneza HRP2, na vimelea wa namna hiyo hupita mbele ya kipimo kama mtu asiye na kivuli. Shirika la Afya Duniani limeshauri nchi ibadilishe kipimo pale hasi za uongo zinazotokana na upotevu huo zinapozidi asilimia 5. Tafiti zilizokusanywa kabla ya mabadiliko kama hayo husema kweli kuhusu vimelea wa wakati wake.

Nimalizie na la nyumbani. Niliwahi kufanya kazi katika zahanati moja, sitaitaja, ambako visanduku vya vipimo vilipangwa juu ya kabati chini ya bati tupu lisilo na dari. Kisanduku kimeandikwa nyuzi joto za mwisho, na joto la alasiri ya Februari mahali pale lilizidi maandishi hayo. Hakuna modeli itakayokurekebishia jambo hilo.

Tabibu wa Pangani

Nawashukuru sana. Nimezipitia tena ripoti zangu jana usiku. Mbili zilitumia PCR, nne zilitumia hadubini, na moja kati ya hizo nne iliwachukua wagonjwa waliokwisha kujulikana kuwa na malaria wodini na kuwalinganisha na watu wazima wenye afya njema waliokuja kuchangia damu. Hii ya mwisho ndiyo yenye namba za kupendeza kuliko zote.

Lakini mmenitia katika shaka nyingine, naomba mniwie radhi nikisema wazi. Ikiwa kila namba inategemea nani alipimwa, nani alihukumu, nani alisoma mstari na mwaka gani, basi kuna faida gani ya kukusanya tafiti 74? Si afadhali nitafute utafiti mmoja uliofanywa karibu na hapa, kwa wagonjwa wanaofanana na wangu, niuamini huo?

Mzee wa Wodi, Muheza

Mwanangu, swali lako ni zuri na lina jibu hapahapa Muheza. Uko utafiti uliofanywa katika hospitali yetu ya wilaya kwa watoto waliolazwa, ukachapishwa mwaka 2010, kuhusu kipimo cha Widal cha homa ya matumbo, kile ambacho nusu ya watu wa mkoa huu wamewahi kuambiwa kwacho kwamba wana taifodi. Kwa kizingiti walichokitumia, unyeti ulikuwa asilimia 75 na umahususi asilimia 98. Ni utafiti wa karibu kuliko wowote utakaoupata, na ulifanywa kwa uangalifu, ukilinganisha na uoteshaji wa damu. Lakini watoto waliothibitika kuwa na ugonjwa walikuwa wachache, na unyeti huhesabiwa kwa hao tu. Watoto wawili wangeangukia upande mwingine, asilimia ile 75 ingesogea sana. Ndiyo faida ya kukusanya: utafiti wa karibu unafanana na wagonjwa wako lakini unatetemeka, na mkusanyiko mkubwa umetulia lakini umewachanganya watu wa mbali. Unavitazama vyote viwili. Utafiti wa karibu ukiangukia ndani ya eneo la tafiti nyingine, unapumua. Ukiangukia mbali, unatafuta sababu, na sababu hiyo mara nyingi ndiyo itakayokufundisha zaidi ya wastani wenyewe.

Ripoti yako ya wachangia damu iweke kando. Kumtofautisha mgonjwa aliyelala hoi na kijana mwenye afya hakuhitaji kipimo. Kazi ya kipimo ni kumtofautisha mtoto mwenye homa ya malaria na mtoto mwenye homa ya jambo jingine. Mwaka 1999 Lijmer na wenzake huko Uholanzi walionyesha kwamba tafiti za namna hiyo hukuza ubora wa kipimo kwa kiasi kikubwa, hadi karibu mara tatu kwa uwiano walioutumia kupima uwezo wa kipimo kutenganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Chombo cha kukagulia mambo haya kinaitwa QUADAS-2, kilichapishwa mwaka 2011, na kinauliza kuhusu uteuzi wa wagonjwa, usomaji wa kipimo, kipimo rejea, na mtiririko wa wagonjwa na muda baina ya vipimo. Kijaze kwa kila ripoti kabla ya kugusa hesabu.

Sasa niseme kuhusu kikao chako, kwa sababu naona nyote mmezungumzia namba na hakuna aliyemrudia yule mama. Wenzako usiwape asilimia. Wape watoto elfu moja.

Chukua 94.8 na 95.2. Tuseme ni kiangazi, na kati ya watoto 1000 wenye homa wanaokuja kwako, 50 ndio wenye malaria. Kipimo kitawaona kama 47 na kuwakosa 3. Katika wale 950 wasio na malaria, kitawapa chanya ya uongo kama 46. Kwa hiyo chanya zote ni 93, na karibu nusu yake si malaria; lakini hasi zote ni 907, na ndani yake wamejificha watatu tu. Haya, masika yamekwisha, mbu wamejaa, na kati ya 1000 wenye malaria ni 400. Kipimo kitawaona 379 na kuwakosa 21. Chanya za uongo zitakuwa 29. Sasa chanya ni ya kuaminika sana, na hasi 592 zina watoto 21 waliokosewa. Unyeti haukubadilika, umahususi haukubadilika, na maana ya jibu imebadilika kwa sababu ya mvua. Kwa njia hiyohiyo ile Widal ya Muheza, pamoja na umahususi wake wa 98, ilitoa chanya ambazo takriban robo tu zilikuwa taifodi ya kweli, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulikuwa nadra miongoni mwa watoto wale.

Hao wenzako wawili waliobishana, basi, kila mmoja alikuwa na msimu wake kichwani bila kuutaja. Nami nisimame upande mmoja: wakati wa kiangazi, kwa mtoto asiye na dalili za hatari na ambaye mama yake anaweza kumrudisha kesho, mimi namfuata aliyesema hasi ni hasi. Watatu katika 907 nitawakamata wakirudi. Nikiwapa dawa mseto wote 907, nitakuwa nimeacha kutafuta nimonia na maambukizi ya mkojo kwa mamia ili niwatibu watatu. Mtoto mwenye degedege au asiyeweza kunyonya si wa hesabu hii kabisa. Huyo hutibiwa kwa mwongozo wake na kupelekwa mbele.

Na usidhani kwamba namba nzuri zitabadilisha mwenendo kwa nguvu zake. Reyburn na wenzake walichapisha mwaka 2007 jaribio lililofanywa huku kwetu kaskazini mashariki, wakilinganisha kipimo cha haraka na hadubini kwa wagonjwa wa nje. Zaidi ya nusu ya wagonjwa waliopata jibu hasi walipewa dawa ya malaria vilevile, kwa kipimo chochote kati ya hivyo viwili. Nilikuwa kazini miaka hiyo, na sijitoi katika hesabu hiyo.

Mtakwimu wa Bagamoyo

Shikamoo Mzee. Nimejifunza, na ninaongeza jambo dogo tu kwa Tabibu. Unapowaonyesha wenzako watoto elfu, usitumie nukta moja ya wastani. Rudia hesabu kwa unyeti wa 93.1 na wa 96.1 ili waone kama uamuzi unabadilika. Katika mfano wa kiangazi waliokosewa watakuwa kati ya wawili na watatu au wanne, na uamuzi unabaki palepale. Katika mfano wa masika watakuwa kati ya 16 na 28, na hapo wenzako wana haki ya kujadiliana. Kumbuka pia kwamba masafa hayo yanahusu wastani wa tafiti. Kituo kimoja kinaweza kuwa nje yake, na mapitio mazuri huchora kwenye grafu, nje ya masafa hayo, eneo la pili, pana zaidi, kuonyesha mahali ambapo utafiti mpya unaweza kuangukia.

Bi Maabara, Tanga mjini

Tabibu, kabla hujaanza kujaza QUADAS-2, hebu zitazame tena zile ripoti mbili za PCR. Umesema baadhi ni za huku kwetu. Je, zimetoka wilaya moja, na miezi ya kukusanya damu inafanana? Imewahi kunitokea kumsoma mgonjwa mmoja mara mbili katika makala mbili.

Tabibu wa Pangani

Shikamoo Mzee, na ahsante Bi Maabara. Nimezitazama. Wilaya ni moja, miezi ni ileile, na idadi ya watoto waliopimwa inatofautiana kwa mmoja tu. Ripoti ya pili inaeleza, katika aya ndogo ambayo niliiruka, kwamba sampuli ni zile zile za ripoti ya kwanza zilizosomwa upya. Kwa hiyo baada ya kuwaondoa wachangia damu na kuunganisha hizi mbili, nimebaki na tafiti nne, tatu za hadubini na moja ya PCR. Nitaziweka katika jedwali bila kuzitafutia wastani, juu yake nitaandika namba za yale mapitio ya tafiti 74, na ubaoni nitachora watoto elfu wa kiangazi na watoto elfu wa masika. Rejesta yetu ya wagonjwa wa nje ninayo ya miaka mitatu. Kesho nitaanza kuhesabu kwa kila mwezi ni wangapi wenye homa waliopimwa na wangapi walitoka chanya, nipate makadirio yetu wenyewe ya kuanzia.